Mhariri, hebu tuongelee mizani ya duka la ruzuku

Ndugu Mhariri, salamu na pole na kazi. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, na nimeandika kwa sababu nimechoka kusoma ubishi uleule. Kila chakula kikipanda bei ukurasa wenu wa barua unajaa, nusu ya watu wanataka serikali ifungue maduka ya bei ya ruzuku kwa familia za kipato cha chini, nusu ingine wanasema aa hayo maduka ni ulaji wa wakubwa tu, bora watu watumiwe hela kwenye simu kila mtu akanunue anapotaka. Wote wanaongea utadhani chakula kinatoka mkononi mwa waziri kinaingia kwenye sufuria moja kwa moja. Mimi nimekuwa mtunza stoo zaidi ya miaka ishirini, nimepokea magari, nimepanga magunia, nimepima na kugawa, nimesaini leja mpaka kidole kikaota sugu, na nawaambia kati ya waziri na sufuria kuna ghala, kuna lori, kuna duka, kuna mizani na kuna mtu amesimama nyuma ya meza, na ruzuku inapona au inafia hapo.

Nianze na hesabu maana stoo ni hesabu. Tuseme kilo moja ya nafaka mtaani inauzwa 100 na kwenye duka la ruzuku inauzwa 40, sitaji hela ya nchi yoyote, weka ya kwako. Hapo kuna 60 inaelea kwenye kila kilo haina mwenyewe. Lori la tani 10 ni kilo elfu kumi, kwa hiyo kwenye lori moja kuna laki sita zinaelea, na dereva analipwa mshahara wa kawaida, mlinzi wa ghala analipwa mshahara wa kawaida, karani ndo usiseme. Sasa niambie wewe mwenyewe hilo lori litafika lote? Likifika lote tumshukuru Mungu. Watu wanapenda kusema wizi ni tabia, sawa tabia ipo sikatai, lakini kitu kimoja kikiwa na bei mbili kinamuita mlanguzi kama sukari inavyoita sisimizi, na ukimfukuza mlanguzi huyu sukari bado ipo pale anakuja mwingine. Nimeona mameneja watatu wanafukuzwa kwa mfuatano stoo moja, kila mmoja aliingia na moto wa kusafisha, alafu baada ya miezi sita magunia yanaanza kupungua kilo mbilimbili tena.

Ndo maana mimi nikisikia habari ya Misri huwa nasimama nasikiliza. Wale wana mkate wao wa ruzuku unaitwa baladi, na kwa miaka mingi sana serikali ilikuwa inawapa waoka mikate unga wa bei ya chini ili wao wauze mkate kwa bei ya chini. Unaona tatizo lilipo? Unga ukishafika kwa mwokaji una bei mbili, ya serikali na ya mtaani, na kuoka ni kazi, kuna kuni sijui gesi, kuna vibarua, kuna kuamka saa nane za usiku, wakati kuuza gunia la unga kwa mlango wa nyuma ni dakika tano. Basi unga ukawa unatoka kwa mlango wa nyuma na foleni za mkate zinakuwa ndefu, na mkate wenyewe ulivyokuwa rahisi kuliko chakula cha mifugo kuna waliokuwa wanalishia kuku. Mwaka 2014 wakageuza. Mwokaji akawa ananunua unga kwa bei ya soko kama mtu mwingine yeyote, anaoka, mwananchi anakuja na kadi yake anachukua mikate, kila mtu kwenye kaya mikate mitano kwa siku, na serikali inamlipa mwokaji tofauti ya bei kwa kila mkate uliopita kwenye mashine. Yaani ruzuku ikahama kutoka kwenye gunia ikaja kukaa kwenye mkate ulioshikwa na mlaji. Gunia halina tena bei mbili, ukiiba unga unaiba mali yako uliyonunua. Alafu wakaongeza kitu kidogo kingine ambacho mimi naona ni akili kubwa, kaya isiyochukua mikate yote mwezi huo inapewa pointi na hizo pointi inachukulia vitu vingine, mafuta, sukari na kadhalika, kwa hiyo mtu hana sababu ya kubeba mkate asiouhitaji akamwagie kuku.

Sisemi Misri wamemaliza kila kitu, dili hazikosekani, kuna waoka mikate walikamatwa wanapitisha kadi za watu bila kuoka chochote. Lakini angalia wapi wamepeleka kichwa, wameuliza ile 60 inayoelea ielee wapi. Hilo ndo swali la kwanza mimi ningemuuliza yeyote anayekuja na mpango wa maduka ya ruzuku, kabla hata hajaniambia atajenga mangapi. Kama atasema itaelea kuanzia ghalani mpaka dukani, safari nzima, basi namwambia ndugu yangu hapo umeandaa sherehe na wageni wako sio hao unaowafikiria.

Sasa tuje kwa yule wa nyuma ya meza. Watu wanamtukana sana huyu, na mimi nimewahi kuwa yeye kwa hiyo nitamtetea kidogo alafu nitamchongea. Duka la ruzuku mara nyingi linapewa mtu binafsi, wakala, analipwa kamisheni kwa kilo anayouza. Wanaopanga hiyo kamisheni wanakaa ofisini, wanapiga hesabu kwamba akiuza tani sita kwa mwezi atapata kitu, wanasahau kodi ya fremu, umeme wa mashine, kibarua wa kushusha, panya, na lile gunia linalokuja limechanika ambalo ghalani hawalipokei tena. Ukijumlisha unakuta mtu anafanya kazi kwa hasara, na serikali inajua anafanya kwa hasara na bado anagombania kuwa wakala, sasa hapo si inatakiwa ujiulize anakula wapi? Anakula kwenye mizani. Ukimlipa mtu kamisheni ambayo haiwezi kumlisha umeshamlipa kwa mizani, tofauti ni kwamba hujaandika.

Na mizani inalisha kweli. Gramu hamsini kwenye kilo hakuna anayeziona, mfuko unaonekana uleule. Lakini kwenye gunia la kilo 50 hiyo ni kilo mbili na nusu, na kwenye magunia mia ni kilo 250, magunia matano mazima yamebaki dukani na vitabu vimefungwa vizuri kabisa, wakaguzi wakija wanakuta kila kitu kimeuzwa na kila jina limesaini. Njia ziko nyingi. Kuna kuweka sahani ya mizani isiyo yake. Kuna kuacha mizani ya saa haijarudi sifuri. Kuna kupima haraka haraka unatupia kwa kishindo, sindano inaruka mpaka kwenye namba na wewe unaondoa mfuko kabla haijashuka, hii inataka mkono mwepesi na niliwahi kufanya kazi na kijana mmoja alikuwa fundi wa hii mpaka unampenda. Kuna kuweka kopo badala ya mizani kabisa, kopo limebonyezwa chini. Kuna kumwagia maji kidogo nafaka usiku. Na kuna ile ya kulazimishia, hupati sukari mpaka ununue na viberiti boksi zima. Hiyo yote ndani ya duka ambalo gazeti lenu lilishaenda siku ya uzinduzi likapiga picha ya utepe.

Wahindi wanalo jambo hili kwa ukubwa ambao kichwa kinauma, wana maduka ya mgao zaidi ya laki tano nchi nzima, na sheria yao ya usalama wa chakula ya mwaka 2013 inagusa watu kama milioni mia nane, kilo tano za nafaka kwa kila mtu kwa mwezi, na kaya zile maskini wa mwisho kabisa kilo 35 kwa kaya. Walianza na mchele rupia tatu kwa kilo, ngano rupia mbili, nafaka nyingine rupia moja, na tangu Januari 2023 wanatoa bure. Kuhusu pesa za serikali kupotelea njiani hawana wa kuwafundisha, Rajiv Gandhi akiwa waziri mkuu mwaka 1985 alisema mwenyewe kwamba kwenye kila rupia moja inayotumwa kwa maskini ni paisa kama 15 tu zinazowafikia, na rupia moja ni paisa mia. Sasa katika nchi hiyohiyo moja, sheria moja, kuna majimbo ambayo chakula kilikuwa kinafika na mengine kinayeyuka, na ndo hapo mtu wa stoo anajifunza kitu. Jimbo la Chhattisgarh mwaka 2004 waliwanyang'anya wafanyabiashara binafsi yale maduka wakayakabidhi kwa halmashauri za vijiji, vikundi vya akina mama na vyama vya ushirika, wakapandisha kamisheni, na malori ya mgao wakayapaka rangi ya njano ili kila mtu barabarani ajue lile ni la mgao, likipaki mahali pasipohusika watoto wataonyesha kidole. Rangi tu Mhariri! Sijui nani aliwaza hilo lakini huyo amewahi kukaa ghalani. Siku hizi kuna vifaa vya kufuatilia magari kwa setilaiti na ni vizuri viwepo, ila setilaiti inamuonyesha bosi mmoja ofisini na bosi akipewa chake anazima skrini, wakati rangi ya njano inaonwa na kijiji kizima na huwezi kuhonga kijiji kizima.

Tamil Nadu nao, kusini huko, walikataa kuchuja watu. Mwaka 1997 serikali kuu ya India ilibadilisha mgao ukawa wa walengwa, walio chini ya mstari wa umaskini bei yao na walio juu bei yao, Tamil Nadu wakasema sisi duka ni la kila mwenye kadi, na mengi ya maduka yao yanaendeshwa na ushirika. Hapa najua nusu ya wasomaji wako watarukia, watasema kwa nini tajiri apewe chakula cha ruzuku. Swali zuri, na mimi zamani nilikuwa upande huo, lakini ngoja niseme nilichokiona kwenye kugawa.

Ukisema duka ni la maskini tu lazima uwe na orodha, na orodha lazima iandikwe na mtu. Huyo mtu atatumia vigezo gani? Bati? Redio? Idadi ya mbuzi? Kuna mjane ana nyumba nzuri aliyoachiwa na marehemu na ndani hana kitu, huyo anakatwa. Kuna mwanaume mwenye maduka mawili ila yameandikwa jina la shemeji, huyo anaingia. Mtu maskini leo anaweza asiwe maskini mwaka kesho, na aliyekuwa sawa mwaka jana kaumwa, kauza kila kitu, lakini orodha ni ya miaka minane iliyopita na haifunguliwi tena mpaka mradi mpya. Niliwahi kukabidhiwa orodha ya kugawia nikakuta marehemu sita, mmoja nilimzika mwenyewe. Majina yalisainiwa vizuri kila mwezi. Kwa hiyo kuchuja kuna makosa ya aina mbili, kumuingiza asiyestahili na kumuacha anayestahili, na serikali zote duniani zinaogopa sana kosa la kwanza kwa sababu ndo linalotoka gazetini. La pili halitoki, mtu aliyeachwa anarudi nyumbani na mfuko wake mtupu na hakuna kamera. Tajiri akichukua kilo tano nimepoteza kilo tano, mjane akikosa kilo tano sijui nimepoteza nini, watoto wake ndo wanajua.

Na kuna jingine kuhusu duka la maskini tu. Duka ambalo mwalimu, karani na mke wa polisi hawaendi, hilo duka likifungwa wiki mbili nani atapiga kelele? Wale wanaokwenda ni wale ambao wakipiga kelele wanaambiwa wakae pembeni wasubiri. Duka ambalo na mwalimu anapanga foleni, mizani yake inaangaliwa, mwalimu anajua kusoma gramu na anajua ofisi ya kupeleka barua. Mimi sisemi kila nchi ina hela ya kulisha kila mtu, ila kuna katikati. Uingereza kipindi cha vita kuu ya pili kitabu cha mgao kilikuwa cha kila mtu, walianza Januari 1940 na siagi, sukari na nyama ya nguruwe, hawakumaliza kabisa mpaka Julai 1954, na hakukuwa na kuchekana maana foleni ni ya wote. Wakati wa kawaida huwezi kufanya hivo kwa vyakula vyote, lakini unaweza kuchagua vyakula ambavyo mwenye nacho havitaki sana, nafaka ya daraja la kawaida, unga usiokobolewa, tajiri anajichuja mwenyewe bila orodha, haji kupanga foleni saa mbili kwa unga wa rangi ya udongo. Au ukiona lazima uwe na orodha basi ibandike ukutani pale dukani, majina yote na kilo zote, kila mtu asome, marehemu watafutika ndani ya wiki moja.

Aibu nayo tusiidharau. Marekani walikuwa na stempu za chakula, walianzia mji wa Rochester mwaka 1939, mtu ananunua stempu za rangi ya chungwa kwa hela yake ya kawaida ya chakula, kwa kila dola moja anaongezewa za bluu za senti 50 ambazo ananunulia mazao yaliyozidi sokoni. Baadaye mpango ukafa, ukafufuka miaka ya 60, na kuna kitu kilikuwa kinasumbua ambacho wapangaji wa duka la ruzuku kila mahali wanakirudia, ilikuwa lazima uwe na hela kwanza ndo upewe stempu. Maskini hana hela ya mkupuo! Anapata ya leo anakula leo. Walipoondoa hilo sharti kwa sheria ya 1977 watu wengi waliokuwa nje wakaingia. Kwa hiyo ukimpangia mtu mgao wa kilo 20 kwa mwezi na duka lako linafungua siku mbili kwa mwezi na anatakiwa alipe zote siku hiyo, umemtoa mwenyewe kwa mkono wako alafu utaandika kwenye ripoti kwamba hakujitokeza. Duka lenye akili linamruhusu achukue kidogo kidogo. Na hizo stempu zenyewe, karatasi ukizitoa kwenye kaunta kila aliye nyuma yako anaona, mpaka mwaka 2004 majimbo yote yakawa yameshahamia kwenye kadi inayofanana na ya benki, unapitisha unaondoka, hakuna anayegeuza shingo.

Kadi ni nzuri lakini mashine isiabudiwe. Wahindi wameweka mashine za alama za vidole madukani, imesaidia, majina hewa yamepungua, na tangu 2019 wakaanza kuunganisha majimbo ili mwenye kadi aliyeenda kutafuta kibarua mbali achukue mgao wake hukohuko alipo, hilo ni jambo kubwa mno kwa watu wanaohamahama maana zamani kadi yako ilikuwa imefungwa kwenye duka moja kama mbuzi kwenye kigingi. Lakini vidole vya nani vinasomeka vizuri? Vya karani. Mwashi amekula saruji miaka thelathini, mfua nguo, bibi wa miaka themanini, vidole vyao vimefutika kama hela ya zamani, mashine inasema hapana na muuzaji anasema mama sio mimi ni mashine. Alafu siku netiweki hakuna hakuna chakula. Na mashine haijui kupima, mashine inaandika kilo tano zimetoka, kama zilitoka nne na nusu yenyewe itajuaje? Kwa hiyo bado tunarudi palepale kwenye mizani.

Sasa hawa wanaosema hela tu zitumwe kwenye simu, nawaheshimu na kuna mahali wako sahihi. Mjini ambako maduka yameshikana mabega na bei zinashindana, kujenga duka la serikali la kuuza unga ni kupoteza hela, mpe mtu nyongeza yake aende anakojua, 60 haielei popote, lori linabeba nafaka ya bei moja. Ila hela ina ugonjwa wake. Bei ikipanda mara mbili hela ileile inanunua nusu, wakati kilo tano zinabaki kilo tano. Na ukienda kijiji chenye duka moja la mtu mmoja, ukituma hela kwa kaya zote siku moja yeye anajua tarehe vizuri kuliko nyinyi, bei inapanda asubuhi yake. Meksiko waliliona hilo, kuanzia mwaka 1979 wakaweka maduka ya vijijini chini ya shirika lao la Conasupo, baadaye yakawa ya Diconsa, nalo shirika la serikali, yakafika zaidi ya elfu ishirini, jengo na usimamizi ni wa kamati ya kijiji, serikali inaleta bidhaa kwa bei ya chini. Faida yake haiishii kwa anayenunua pale, yule mfanyabiashara wa peke yake naye anashusha bei maana ameletewa jirani. Pia kuna nani anashika hela nyumbani, hili sitaki kuliingia sana nitagombana na wanaume wenzangu, ila naona ile sheria ya India ya 2013 imeandika kwamba kwenye kadi ya mgao mkuu wa kaya ni mwanamke mwenye umri mkubwa kuliko wanawake wenzake, ilimradi ametimiza miaka 18, na sidhani waliandika kwa bahati mbaya. Unga ni mgumu kunywewa baa.

Kuna kitu kimoja wanaopenda maduka haya hawakisemi nami nitakisema. Bei ya ruzuku ukishaiweka kuitoa ni vita. Sri Lanka, wakati huo Ceylon, mwaka 1953 kipimo cha mchele wa mgao kilipandishwa kutoka senti 25 hadi 70, wakagoma nchi nzima mwezi wa nane, waziri mkuu Dudley Senanayake akaondoka. Misri Januari 1977 bei zilipopandishwa watu walijaa barabarani siku mbili, rais Sadat akarudisha bei ya zamani. Tunisia Januari 1984 rais Bourguiba hivyohivyo kwa mkate. Zambia Desemba 1986 unga wa mahindi, Kaunda naye akarudisha. Ukisoma hizo unaona kosa ni lilelile, bei inagandishwa miaka na miaka kwa woga, gharama inapanda chini kwa chini, alafu siku moja asubuhi mtu anaamka anakuta imeruka mara mbili. Mkate wa Misri ulikaa piasta tano, na piasta ni kama senti yao, kwa zaidi ya miaka thelathini ndo mwaka 2024 ukapelekwa 20. Mimi kama mtu wa stoo ningependa siku ya kwanza kabisa duka linafunguliwa iandikwe mlangoni kwamba bei hii itaangaliwa kila mwaka mwezi fulani, ipande kidogo au ishuke kidogo, watu wazoee kama wanavyozoea mvua, sio kumfanya mtu aamini kitu kitakuwa hivo milele alafu unamgeuka.

Nimeandika sana Mhariri, utakata unavyoona inafaa, ila usikate hapa. Mpango wowote wa duka la ruzuku mtakaouandika, msiniambie ni maduka mangapi na nani alikata utepe. Niambieni muuzaji analipwa kiasi gani kwa kilo na kama kinatosha kodi. Niambieni mizani imekaa upande wa nani, maana mizani ya haki uso wake unamtazama mnunuzi na mara nyingi sana naikuta imempa mgongo. Niambieni duka linafunguliwa siku ngapi, orodha iko ukutani au iko kwenye droo, na mtu akipunjwa analalamika kwa nani ambaye sio bosi wa huyo aliyempunja.

Na mwandishi wenu akienda huko, naomba aende na jiwe la mizani la kilo moja kwenye begi, lile la chuma lenye muhuri wa wakala wa vipimo, anunue kitu kama mteja wa kawaida alafu kabla hajalipa aombe kuliweka lile jiwe juu ya mizani. Likisoma kilo moja kamili, ashukuru aondoke. Likisoma kilo moja na gramu hamsini, asigombane na mtu, apige picha, ahesabu magunia yaliyopangwa nyuma ya muuzaji, arudi ofisini apige ile hesabu yangu ya hapo juu.

Ni mimi msomaji wenu, mtunza stoo mstaafu.